Uzi wa Galvanomita ya Baba

Mafia,
Jumanne, baada ya Alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguuni pako siwezi kufika, basi naileta shikamoo hii kwa kalamu, nawe iitikie hata kama umekaa peke yako hapo barazani. Kifua kimepoa? Mama aliniambia kikohozi kimekuacha ila wewe hujaiacha sigara, na nyuma yake nikakusikia ukikana kwa sauti ya mtu mwenye sigara mdomoni. Na goti lake yeye linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Nakula vizuri, nalala kidogo. Ungeniona ungesema nimekonda, lakini wewe tangu nizaliwe unasema nimekonda.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Wewe na simu hamwelewani, Baba. Ukipigiwa unapaza sauti kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, nami inanibidi nijibu kwa kelele zilezile, na chumba ninachopanga hapa kwa Bi Mwanaisha hakina dari. Neno likitamkwa kitandani kwangu linasikika uani, na likifika uani limefika kijiji kizima. Haya ya leo sitaki yafike uani.

Nianze na lile litakalokuumiza, ili mengine uyasome ukiwa umeshaumia. Galvanomita yako haifanyi kazi tena. Uzi umekatika. Haukukatika safarini, wala hakuna mwanafunzi aliyeangusha sanduku. Nimeukata mimi, kwa kucha ya kidole hiki ninachoshikia kalamu. Tafadhali usimwite Mama kwanza. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Najua sanduku lile lina maana gani kwako. Miaka yote uliyotunza chumba cha vipimo pale chuoni Tanga hukujipatia mali nyingine. Walipoleta mita za tarakimu na kuzitoa zile za zamani nje zinyeshewe, ulirudi nyumbani umeikumbatia hiyo moja: sanduku la mbao nyekundu, skrubu tatu za shaba miguuni, kiputo cha kusawazishia, na kioo cha juu ambacho chini yake mshale umening'inizwa kwa uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele. Mama akauliza kwa nini umemletea jeneza la paka. Nilipopangiwa kuja kufundisha fizikia huku, ukaifunga kwa kanga zake mbili bila kumwomba ruhusa, ukanikabidhi kana kwamba yenyewe ndiyo inayosafiri na mimi naisindikiza tu.

Na huku imenifaa kuliko nilivyowahi kukueleza. Shule yetu, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Ndagoni, ina chumba kinachoitwa maabara kwa sababu kimeandikwa hivyo mlangoni. Nilimwomba fundi mwashi anijengee kijukwaa cha saruji pembeni, mbali na mlango, ili mshale usitetemeke watoto wakipita. Nikaisawazisha kama ulivyonifundisha, nikafungua polepole kifungio kinachoushika mshale, ukayumba, ukatulia kwenye sifuri. Watoto wangu ambao umeme wanaujua kwa bei ya kuchaji simu waliuona ukitembea mbele ya macho yao. Wengine walipiga makofi.

Walichokipenda zaidi ni ule mchezo wako wa mikono. Kipande cha shaba mkono wa kulia, kipande cha bati mkono wa kushoto, waya mmoja kutoka kila kipande hadi kwenye galvanomita, na betri hakuna popote. Mshale unaondoka wenyewe, kwa sababu mtu mwenyewe ndiye betri: madini mawili tofauti na unyevunyevu wa chumvi wa viganja vyake. Kiganja kikavu, mshale unajikokota. Kiganja chenye jasho, unakwenda mbali. Nilikuwa nafunga na kile kikinzani ulichonipa ili usiruke kupita kiasi, na daftari zao zikajaa maelezo mazuri kabisa.

Siku ya wazazi wakauonyesha mchezo huo kwa wazazi wao. Bwana Athumani mwenye duka, ambaye mikono yake ni mikavu kwa kushika unga kutwa, mshale ulisogea kwake kama mtu aliyelazimishwa. Mkewe akapaza sauti, "Nilijua mimi! Huyu hana damu!" Uwanja mzima ukacheka. Bi Mwanaisha, mama mwenye nyumba wangu, yeye ni mkulima wa mwani, kutwa yumo majini akifunga mwani kwenye kamba, mikono imechanika na kukolea chumvi. Kwake mshale ulikwenda mbali sana, akazunguka akijisifu kwamba ana nguvu kuliko wanaume wa kijiji hiki. Nilieleza habari ya chumvi, Baba. Nilieleza mara nyingi na kwa maneno mepesi. Lakini walichokwenda nacho nyumbani si maelezo yangu. Walikwenda na habari kwamba kisanduku cha mwalimu hakina betri, na kwamba kinapambanua mtu na mtu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Betri ya sola ya msikiti iliibwa. Ndiyo iliyokuwa ikiendesha spika ya adhana na taa za wanaosoma Kurani jioni, na waliichangia wote, mpaka kinamama wa mwani. Asubuhi ile imamu aliadhini kwa koo lake tu, na watu walipogundua kwa nini, kijiji kikawa kama nyumba yenye maiti. Kuiba ni kuiba, lakini kuiba msikitini! Kila mtu alitaka mwizi apatikane kabla jua halijazama.

Wazee wakataka isomwe Halbadiri. Wewe unaijua Halbadiri, na unajua watu wa pwani tunavyoiogopa. Ikisomwa, mwizi hufura tumbo, au hupata wazimu, au hufa, na ikisomwa vibaya humrudia msomaji. Imamu wetu ni mtu mpole, akakataa. Akasema hawezi kusoma kitu cha kumuua mtu kwa sababu ya betri. Wazee wakanuna. Hapo ndipo Mwenyekiti wa kijiji alipopata wazo lake, na wallahi alilileta kwa moyo mwema.

Alikuja kwa Bi Mwanaisha amevaa kanzu, ameshika jogoo kwa miguu. "Mwalimu mwanangu," akasema, "Halbadiri inaua. Hiki chako hakiui, kinaonyesha tu. Tupimie watu wetu, tumjue mwenzetu, tumwonye, yaishe."

"Mwenyekiti, hakipimi wizi," nikamwambia. "Kinapima chumvi."

"Haya, na mwizi hana chumvi? Mwizi akiogopa hatoki jasho?"

Hapo hakukosea, Baba. Nikamwambia hata asiyeiba akiogopa hutoka jasho. Akatabasamu, akasema asiye na kosa ana lipi la kuogopa? Nilikataa kabisa, na jogoo nikamrudisha. Lakini akaenda kwa mwalimu mkuu wetu, na mwalimu mkuu akanipigia simu kunisihi nikubali. Alisema watu wamepandisha hasira na dago limeanza kutajwa, heri tufanye kama mchezo ili watulie. Kisha akasema nisipokwenda, kifaa kitakwenda bila mimi. Nikaona bora niende niwepo nieleze. Nilidhani maelezo yangu yangetosha.

Kutajwa kwa dago ndiko kulikonitisha. Lipo ufukweni kwetu dago, kambi ya wavuvi kutoka Kilwa, watu wa kuja na kuondoka, na jambo likiharibika hapa mgeni ndiye anayetazamwa kwanza. Miongoni mwao yumo Shabani, mvuvi wa pweza, mtu wa makamo, mchache wa maneno. Alikuwa na desturi ya kufagia msikiti alfajiri kabla hajakwenda baharini, bila kuombwa na mtu. Sasa hiyo nayo ikageuka kuwa neno. Anafagia nini kila siku? Alikuwa anachungulia nini?

Walipanga wanaume kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji baada ya sala ya Alasiri. Nikaiweka galvanomita mezani, nikasawazisha kiputo. Wakapita mmoja mmoja, kila mmoja anasema Bismillahi na kushika vipande viwili. Mshale ukawa unasogea, huyu kidogo, yule zaidi kidogo. Bwana Athumani wa duka hakuusogeza hata kidogo, akashuka ngazi kama mtu aliyerudi kuhiji. Nami niko pale nasema, "Hiki ni kiganja kikavu, hiki kina jasho," na hakuna anayenisikiliza.

Shabani aliitwa moja kwa moja kutoka baharini. Alikuja na chuma chake cha kuchokolea pweza, suruali inachuruzika maji. Akafuta mikono kwenye shati lililolowa, akashika. Baba, mshale ulikwenda mpaka ukagonga mwisho, ukabaki hapo unatetemeka.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Vijana wakamrukia. Mwenyekiti alijitupa katikati akiwazuia kwa mikono yote miwili, nami nikapanda juu ya benchi, mimi Zuhura ambaye hata kwenye harusi sichezi mbele za watu, nikapiga ukelele wa kuwanyamazisha. Nikaagiza ndoo ya maji ya bahari. Nikamwambia Mwenyekiti, "Ingiza mikono yako humo, kisha shika." Nilitaka waone kwa macho yao kwamba chumvi ndiyo inayosukuma mshale. Ndivyo ungefanya wewe. Jambo likibishaniwa, lipimwe mbele ya wanaobisha.

Mwenyekiti akalowesha mikono, akashika. Mshale ukaenda mpaka mwisho, vilevile kama kwa Shabani. Nikageuka kuwatazama watu, natabasamu, nikijua nimeshinda.

Sauti moja nyuma ikasema, "Kumbe wako wawili."

Nilitaka ardhi inimeze. Waliamini kipimo kuliko nilivyokiamini mimi. Nilichowaonyesha ili wakiache kimewafanya wamwone Mwenyekiti wao ni mwizi, na wakaanza kukumbushana kwamba ufunguo wa chumba cha betri huwa anakaa nao yeye. Uso wa Mwenyekiti ulipauka. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa hata na mbuzi wa kijiji hiki, na sasa mkewe mwenyewe alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni. Akasema kipimo kirudiwe kesho, watu wote, wanawake kwa wanaume, na kila mtu anawe kwa maji ya kisima na sabuni na kujifuta kwa taulo moja. Shabani akafungiwa stoo ya ofisi, eti kwa usalama wake. Vijana wakakaa nje ya mlango, wakisema wazi kwamba mshale ukirudia kesho hawamngoji mtu, na dago watalichoma. Nilimwomba Mwenyekiti twende polisi Kilindoni. Akaniambia, "Polisi watauliza ushahidi, mwalimu, na ushahidi ni hicho kisanduku chako."

Asubuhi nikapita stoo kumpelekea Shabani uji. Nilimwomba anionyeshe viganja. Baba, havikuwa viganja vile, vilikuwa nyama. Miamba na miiba ya bahari imemkatakata, makovu juu ya makovu, na vidonda vibichi juu ya makovu. Hakuna sabuni ya kuosha hivyo. Ngozi iliyokatika hupitisha umeme hata ikiwa safi, na mshale ungemkimbilia tena mbele ya wale vijana. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema, "Naogopa, mwalimu, kwa sababu sijui mwili wangu una nini."

Hapo nikakata shauri. Nilipoketi mezani kibarazani, watu wamekwishakusanyika, nilisema kifaa kinahitaji kusawazishwa, na kweli kilihitaji. Nikafungua kioo, nikaingiza kidole, nikapitisha kucha kwenye uzi. Haukutoa hata sauti. Koili inayoubeba mshale ikashuka, ikakaa chini na kukwama, nikaulaza mshale kwenye sifuri kwa ncha ya kidole, nikafunga kioo. Utaniuliza kwa nini sikufunga kifungio tu na kuuacha uzi salama. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi bega kwa bega nami, na kifungio anakijua, amenitazama mara nyingi nikifundisha. Lakini nikwambie na ukweli wa pili. Nilitaka kisiweze tena. Niliichukia galvanomita yako asubuhi ile, Baba, na ndiyo niliyokuwa naifuta vumbi kila Ijumaa.

Akaitwa Shabani kwanza. Akashika, amefumba macho. Mshale haukusogea. Akashika Mwenyekiti, haukusogea. Watu wakapumua, mtu akasema Alhamdulillahi, na Mwenyekiti akalia hadharani, akamkumbatia Shabani na nguo zake za chumvi. Hapo nilikuwa na furaha, nikasema moyoni Baba atanisamehe. Wakaendelea kupita, wanaume, kisha wanawake, na kila mmoja akasafishwa. Bi Mwanaisha alishika kwa vishindo akitegemea kuwapiku wanaume tena, na mshale ukamnyima. Akakunja uso, akavigeuza vile vipande viwili mkononi, akanitazama.

Bwana Athumani wa duka ndiye aliyesema. "Hiki kimekufa."

"Jana kilikuwa kizima, mwalimu?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Kilikuwa kizima."

"Na tangu jana amekigusa nani?"

Wote wakanitazama mimi. Kwangu mimi kipimo hakikuwahi kufika, si jana si leo, kwa kuwa mimi ndiye mpimaji. Nikashika vipande mbele yao ingawa nilijua havina maana tena. Mwenyekiti akakohoa, akasema vitu vya zamani huchoka, akafunga mkutano kwa dua.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenitukana wala kuniuliza. Wananisalimia vizuri mno, Baba. Wananisalimia kwa kirefu, wananiuliza hali ya wazazi, hali ya kazi, hali ya kichwa, na macho yao yanatazama mkoba wangu. Wanafunzi wameacha kuja kwangu jioni kusoma. Bi Mwanaisha bado ananiwekea chakula, bado ananiita mwanangu, lakini taa yake ya sola iliyokuwa ikikaa uani siku zote sasa analala nayo. Nilipoiona haipo pale nilikaa kitandani nikalia kwa kujibana, ukuta usipeleke habari.

Na Shabani ndiye aliyenimaliza. Watu wa dago waliona heri wahamie Kisiwa cha Bwejuu, na kabla hajaondoka alipita shuleni akaniita nje. Alikuwa ameniletea pweza mkavu amefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa karibu na meza. Nilikuona ulivyofanya kwa kidole."

Nikageuka kutazama kama kuna mwanafunzi karibu.

"Sitasema kwa mtu. Umeniokoa, Mungu akulipe." Kisha akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, na hakuwa na ubaya wowote, "Lakini ile betri ulimuuzia nani?"

Nilimjibu kwamba sijaiba mimi. Akatikisa kichwa kwa heshima, jinsi mtu anavyomkubalia mgonjwa, akaenda zake. Yule mtu niliyekata uzi kwa ajili yake, aliyekaa stoo kwa kosa lisilo lake, yeye naye ameona hivyo. Ile betri sijui iko wapi hadi leo, wala sidhani kama itaonekana. Imamu anaadhini kwa koo lake, na kila ninapomsikia nahisi wote wanaoisikia wananifikiria mimi.

Najua unachofikiri sasa. Utasema nirudi Tanga, au niombe uhamisho. Nimeufikiria, lakini nikiondoka sasa nitakuwa nimesaini. Watasema mnaona, amekimbia. Na watoto wangu wa kidato cha nne wana mtihani mbele yao, mwalimu mwingine wa fizikia hayupo. Nitakaa. Ninachokuomba si ruhusa ya kurudi.

Basi nifikishie salamu. Mwambie Mama asiumie, na barua hii asisomewe yote, msomee habari ya chakula na afya tu. Msalimie dada yangu mkubwa Mwanahawa na shemeji yangu, na mtoto wao niliyemwacha akitambaa, naambiwa sasa anawakimbia. Msalimie shangazi wa Pangani, mwambie ile dawa yake ya kulala niliipata, haifanyi kazi. Msalimie ami mshona viatu, na jirani yetu bibi wa mikate ya kumimina, mwambie huku wanapika lakini si kama yake. Na rafiki yako mliyekuwa naye chumba cha vipimo, kama bado mnacheza naye bao, mpe shikamoo yangu ila habari hii usimpe.

Sasa nimebakiza jambo moja, nami nimelisogeza mpaka hapa kwa sababu kila nilipotaka kuliandika kalamu ilikataa. Baada ya sala ya Ijumaa hii Mwenyekiti atakupigia simu, ndiyo maana barua hii nampa msafiri anayevuka kesho, akufikishie mkononi mapema. Kijiji kimekaa, kimeamua galvanomita itengenezwe, kwa sababu betri haijapatikana na hakuna aliyeridhika. Mwalimu mkuu amewaeleza kwamba kilichokatika ni uzi, na wamekwishajua kwamba baba yangu ni fundi wa vitu hivyo. Namba yako wameichukua kwa mwalimu mkuu, na simu itawekwa sauti ya nje, kibarazani, mbele ya watu wote. Mwenyekiti amenifuata kwa upole, akasema ikitengenezwa mimi ndiye nitakayeshika wa kwanza, nisafishe jina langu. Anadhani ananisaidia.

Mimi sina hofu ya kushika. Mikono yangu ni ya chaki, mshale utajikokota na nitasafishwa. Lakini baada yangu watashika wanawake, Baba, na wanawake wa hapa wote ni wa mwani. Wa kwanza ni Bi Mwanaisha. Kwake mshale utagonga mwisho. Mimi nikishukiwa nina kwetu, nina wewe, siku moja nitaondoka. Yeye kwao ni hapa, na kaburi la mumewe liko nyuma ya jiko lake.

Uzi unao, najua. Uko kwenye kopo la poda, chini ya kitanda chenu, umeuzungusha kwenye njiti ya kiberiti. Nami najua ninamwomba nani. Sijakusikia katika maisha yangu ukitaja kipimo kilichozidi au kupungua hata nusu ya mstari, wala kwa bosi wako, wala kwa Mama akipima nguo. Lakini Ijumaa, Baba, paza sauti kama kawaida yako ili wasikie wote. Wakikuuliza kama kifaa kile kinaweza kumjua mwizi, waambie kweli, japo hawataiamini. Wakikuuliza kama uzi wake bado unapatikana, waambie uongo. Huo watauamini.

Mwanao,
Zuhura